Vidole Vinne vya Chuma

Jumamosi, 1 Mei 2004

Kufua, kupiga pasi, kisha baiskeli. Niliinunua mtumba, nimeifungia foki mpya, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Bomba lake la juu, lile linalopita shingoni mwa baiskeli na kushika usukani, ni refu kupita kiasi. Lazima likatwe. Kiasi gani, ndiyo sijui. Baiskeli ni ya Baba, mkwe wangu. Amekuja kutoka Shinyanga kukaa nasi hadi Rehema, mke wangu, ajifungue mwezi wa nane. Hapa Irving, ughaibuni huku, bila gari umefungwa. Anashinda dirishani. Namwonea huruma.

Jumapili, 2 Mei

Rehema ananiuliza: "Si umwite tu Baba apande, um-measure?" Rahisi kwake, ni baba yake. Mimi nitamwambiaje mkwe atanue miguu mbele yangu, nimshike kiuno? Miaka sita ya ndoa, sijamgusa zaidi ya mkono wa salamu. Nikajipima mimi mwenyewe.

Nilipanga kukata upana wa kidole kimoja tu, nione kwanza. Otieno, tunayefanya naye kazi ofisi ya mizigo uwanja wa ndege, akapita jioni. "Bro, hiyo ni baiskeli ama ni ngazi?" Akacheka sana. Nikaona haya. Alipoondoka nikachukua msumeno wa chuma, nikakata vidole vinne. Usukani umekaa chini, kama wa baiskeli ya mashindano. Imependeza kweli.

Jumatatu, 3 Mei

Baba kapanda. "Safi kabisa, mwanangu. Mungu akubariki." Kaenda hadi duka la Mkongo, karudi na unga wa sembe. Rehema kafurahi mpaka machozi. Na mimi kichwa kikavimba.

Jumatano, 5 Mei

Asubuhi Baba aliinama kuvaa viatu, akaguna. Nikamuuliza kama baiskeli inamfaa. Haina neno, kasema. Nikaridhika upesi mno. Nilitaka kuridhika.

Ijumaa, 7 Mei

Nimetoka kazini mapema. Nimemwona Baba barabarani akiikokota baiskeli, mkono mmoja kiunoni. Alipofika kwenye maegesho yetu akapanda. Akajikunja. Akapita chini ya dirisha letu akipiga kengele, Rehema akampungia mkono.

Mimi nilikuwa nimejificha ndani ya gari. Mzee mzima anaumia ili mkwe wake asifedheheke. Najiona takataka.

Jumamosi, 8 Mei

Rehema analia. Baba anataka tiketi ibadilishwe, aondoke mwisho wa mwezi huu. Eti amewakumbuka ng'ombe wake. Ng'ombe! Rehema anadhani amemkosea. Sikumwambia nilichokiona. Nikaenda kununua foki nyingine, maana kununua ni rahisi kuliko kusema. Kuuliza si ujinga, nimewaambia wangapi maneno hayo? Na mimi mwenyewe sikuuliza.

Nimeifunga foki. Bomba zima, sijakata hata unywele.

Jumapili, 9 Mei

Baada ya kanisa nimemfuata Baba kibarazani. Nimemwambia nilimwona akikokota. Nikamwambia sikumpima kwa kuona haya, kisha nikakata kwa kuogopa kuchekwa.

Akasema naye alishindwa: mtu atamwambiaje mkwe wake kwamba kazi yake ni mbaya? Wote wawili tukawa tunatazama sakafu.

Tukashuka chini kwenye baiskeli. Akapanda, akaegemea ukuta. Nikaomba ruhusa, nikamwekea mkono mgongoni, nikamnyoosha taratibu, huku nikipandisha usukani, mpaka aliposema hapo. Chini ya shati ni mifupa mitupu. Sikujua kama amekonda hivyo.

Habari ya tiketi hatukuigusa. Nilipotaka kuondoa mkono, akaniambia niuache kwanza, apumue.