Mama, Leo Kata Yako Ina Togwa

Mama,

Furaha ametumbukiza mkono mzima kwenye sufuria ya togwa sasa hivi, akaulamba mpaka kiwiko, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekosea. Nimemfuta, nimemkalisha chini na kijiko chake. Amebatizwa leo asubuhi, Mama. Hakulia.

Wageni wanakuja saa tisa hapa kwetu Adelphi, Marekani, nami sijapika mbege, ile pombe yetu ya ndizi; nimepika togwa isiyolevya. Usininunie. Unajua desturi yetu, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya watu ndipo kata ya kibuyu izunguke. Na mwenye nyumba ni Joachim wangu. Ana miezi minne hajagusa pombe. Fundo moja tu la heshima linaweza kumrudisha kwenye ule ulevi niliokuwa nikikulilia kwenye simu.

Mzee Elinami, aliye kama baba kwetu huku, nilipomweleza alicheka. "Mama Furaha, ubatizo wa maji tunaumaliza kanisani. Nyumbani tunataka wa kwetu." Halafu akaacha kucheka, akasema kumnyima mgeni pombe ni kumfukuza, huenda asije. Asipokuja yeye, wengine nao watabaki kwao, na Joachim atajiona ndiye aliyeharibu siku ya mtoto. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Lakini ngoja nikuambie. Jioni mbili kwa wiki nakwenda darasa la Kiingereza la watu wazima, na mwalimu alitusomea habari za Wamarekani wa zamani. Mama, watu hao walikunywa. Asubuhi kabla ya kazi, shambani, msibani, hata mchungaji akipita kwako usipomtilia glasi umemtukana. Nikasema moyoni, kumbe ni sisi hawahawa. Kisha wakatokea waliochoka na ulevi huo, akina mama wengi wakiwemo. Wakawashawishi watu watie sahihi kwamba wameacha. Walichekwa sana. Lakini kidogo kidogo ikawezekana kumkaribisha mgeni kwa chai au maji baridi, naye asione amedharauliwa.

Nilimsimulia Joachim. Kesho yake nikakuta karatasi kwenye friji, ameandika jina lake na la baba yake, kwamba ameacha, na chini ametia sahihi.

Togwa ya kwanza niliiharibu. Niliipika Jumatano nikaisahau karibu na hita, jana mchana naonja, inachoma ulimi. Imeshakuwa pombe. Nusura nimpe mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaimwaga yote kwenye sinki, nikarudi duka la Wahindi kutafuta ulezi, nikaanza upya. Hii ni tamu, Mama. Ungeipenda.

Sikutupi. Uliyoniambia mara ya mwisho ninayo: "Pombe ninayopika mimi ni ya kuketi pamoja. Ya mumeo inamkalisha peke yake." Basi hiyo ya kuketi pamoja ndiyo niliyoishika. Nyingine nimeiacha. Na nadhani tutaweza, nakuambia kweli.

Nakuaga, Mama, pumzika. Kata yako niliyoletewa baada ya mazishi yako nimeiosha, ipo mezani. Nakuahidi Furaha atakua akijua...

Joachim ananiita kutoka mlangoni. "Mama Furaha, njoo. Mzee Elinami amefika, anauliza nitaonja nini." Sauti yake haitetemeki, Mama. Naenda kusimama naye. Nakuahidi, wakinywa wasinywe, sisi wawili tutakunywa togwa hii kwa kata yako.