Kwa Yaya Aurélie Ngalula, Aliyetafuta Mahali pa Kuketi

Mwaka unatimia leo, yaya Aurélie, dada yetu mukubwa, tangu tulipokuzika hapa Nchelenge, upande wa Zambia, na ukweli ni kwamba bado tumechoka. Hatukuja kukupamba. Tunataka tu watu wajue ulivyokuwa.

Ulikuwa mutu wa kazi. Tangu tulipovuka kutoka Kongo ulikuwa unaenda Chisenga, kisiwa cha ziwani, kununua chisense, wale samaki wadogo, unawaanika kwenye muchanga, unawauza sokoni. Mugeni akifika kwetu ulimupa chakula kwanza, ndipo ukamuuliza habari za njia. Uliimba vibaya na hukujali. Lakini kule Chisenga, asubuhi za baridi, mitumbwi ikichelewa kurudi, ndiko ulikoanza kunywa lutuku, ile pombe kali. Kidogo kidogo ikakushika. Binti yako Jessica alizoea kukufuata ufukoni, kukuinua, kukuogesha, na kuwaambia majirani kwamba una malaria.

Siku moja uliamka ukasema, "Nimechoka. Nitatafuta batu benye banaacha pombe, nikae nabo." Hatukujua kama watu wa namna hiyo wako. Uliuliza kanisani, walikusimamisha mbele ya wote wakakuombea, ukarudi na haya, ukanywa. Uliuliza kliniki, muuguzi akakuambia kuna kikundi Mwansabombwe, kinakutana Jumamosi, siku tunayoiita posho, katika darasa la shule. Ulipanda minibasi, ukakuta mulango umefungwa kwa sababu siku hiyo wote walikuwa matangani. Tulidhani utaishia baa. Ulirudi nyumbani, ukalala na viatu. Posho iliyofuata ukaenda tena.

Uliwakuta wanaume tu, wote wakisema Kibemba, nawe Kibemba chako kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu. Uliketi karibu mukutano wote bila kuelewa. Ndipo Mukuka, fundi wa baiskeli aliyewahi kufanya biashara upande wa Kilwa ya Kongo, akakugeukia.

"Mama, sema mu Swahili. Miye nitabageuzia."

Ukasema, "Jina yangu Aurélie. Niko mulevi. Mutoto wangu amechoka na miye."

Mukuka akawageuzia kwa Kibemba. Ulituambia kwamba hakuna aliyecheka wala aliyekupa mashauri. Walisogeza tu benchi, ukaketi karibu nao.

Hukuacha mara moja. Baada ya Pasaka Jessica alikuokota tena ufukoni. Njiani akakuuliza, "Mama, ile mikutano inakusaidia nini?"

"Sijue, mwana wangu. Posho nitaenda tena."

Alikasirika, akakuacha utembee peke yako. Kisha akarudi, akakushika mukono.

Pombe ilikuja kukuacha, hata wewe hukujua kusema ni lini. Ukaona kwamba wenzetu wa makazi ya wakimbizi hawawezi kufika Mwansabombwe, na wakifika hawataelewa. Basi ukaanzisha mukutano wa Kiswahili hapa kwetu uani, kwenye lupango, Mukuka akija kukusaidia. Mudogo wako Stéphane, naye alikuwa anakunywa sana, alinung'unika: "Unajaza balevi mu lupango. Majirani batasema nini?"

"Batasema tuko wengi," ulimujibu, ukaendelea kutandika mikeka.

Lakini ini lako lilikuwa limeharibika zamani. Tumbo lilipovimba, daktari alisema wazi kwamba hakuna la kufanya. Jessica alitoka nje ya wodi, akaketi chini. Aliporudi kitandani kwako alisema kazi yote ile imekuwa bure.

"Haikuwa bure," ulimuambia. "Hii miaka nimekuona. Zamani sikukuwa nakuona."

Posho ya kwanza baada ya mazishi watu wa mukutano wako walikuja, wakasimama nje ya ua. Jessica alikuwa ameshaamua kuwarudisha. Hakuwa na nguvu ya kusikia habari za pombe tena. Alikuwa amezisikia tangu utoto wake. Mukuka akaliona hilo usoni mwake. "Hatukuja kukusumbua, mwana," akasema. "Tutaketi pengine."

Wakaanza kugeuka. Mama mumoja aliyetoka makazini kwa miguu, mutoto mugongoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Pengine ni wapi?" Jessica akaingia ndani kuchukua mikeka.

Wanaketi mpaka leo. Yeye hakai nao. Anawachemshia chai, anaingia kulala. Stéphane alianza kuja wakati wa mvua. Akaacha kuja, akarudi, akaacha tena. Jana, siku ya posho, hakuonekana. Jessica akafunika chai, akashuka ufukoni, akamukuta ameegemea mutumbwi.

"Mujomba, twende nyumbani. Wamefika."

"Nimelewa, Jessica."

"Naona. Twende tu."

Alikuja naye polepole. Wale wa mukekani wakajisogeza. Stéphane akaketi katikati yao, akasinzia palepale, na mukutano ukaendelea bila mutu kumuamsha.

Tunaokukumbuka ni binti yako Jessica. Wadogo zako Stéphane na Brigitte. Watoto wa Brigitte. Mukuka na wote wanaoketi kwako siku ya posho. Tungali tunakutaja kila siku, yaya, na hatutaacha.