Picha za Moroko

La Rochelle, Jumanne

Na bado Mama anataka picha zaidi. Leo nimemtumia huko Tanga zote nilizopigwa Moroko: mjini, sokoni, ufukweni, mimi juu ya ngamia jangwani. Kule saluni ninakofanya kazi wananiita mtalii. Eish! Bila kujifanya mtalii ningepataje viza ya kwenda kumtafuta kaka yangu Hamisi, aliyepotelea huko?

Kila mwenye duka nilimwonyesha sura ya Hamisi kwenye simu. Waliiangalia, kisha wakanionyesha mazulia.

Jioni Mama akapiga.

"Ile ya sokoni, mwanangu. Nyuma yako kuna mtu kakupa mgongo. Mabega ni ya Hamisi. Ulimwita?"

Sikumwita. Hata sikumwona.

Tangu hapo naikuza tu ile picha, na yule mtu hageuki.