Simba wa Mkaratusi Analia

Nakuru, Jumapili

Kwako kaka yangu Musyoka,

Pokea salamu zangu. Mwili wangu ni mzima, ila moyo hautulii tangu barua yako inifikie. Baba ameamkaje? Anakula? Umeandika kwamba ananitaja kila siku, na mimi nimekwama hapa juu ya ngazi kama paka mjinga.

Kazi iliyonileta unaijua: ule mkaratusi uliokufa ukiwa umesimama kwenye bustani ya mji, wakataka niugeuze kuwa wanyama ili watu waje kuwatazama. Chini nimechonga simba, juu yake nyani, juu kabisa tai. Ilibaki kupaka mafuta tu. Hapo ndipo ufa ukatokea, kuanzia jicho la simba mpaka kidevuni.

Nikafanya kama tunavyofanyia vinyago vidogo huko nyumbani. Nikaziba kwa nta na unga wa mbao, nikasugua mpaka hata wewe usingeuona. Nilisahau kwamba vinyago vyetu hukaa ndani ya nyumba. Jua la saa saba liliiyeyusha nta yote, ikamtiririka simba usoni.

Akina mama wanaouza mboga wakakusanyika. "Ngai! Simba analia!" Mmoja akaniuliza, "Fundi, kwani huyu amefiwa na nani?" Nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya mti nikalia mwenyewe.

Nilimwendea msimamizi, yule mzungu wa bustani, nikamwambia baba yangu ni mgonjwa sana. Akasema, "Hapana kwenda. Maliza simba kwanza." Karatasi yangu ya kusafiri iko mezani kwake bila sahihi, na siku hizi za Hali ya Hatari, bila hiyo hata stesheni sifiki. Nami kila nikichimba ule ufa nitie kipande cha mbao, unazidi kurefuka. Mti huu hauambiliki. Sina la kufanya, Musyoka.

Nisalimie mama, na dada yetu aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mke wangu mwambie avumilie.

Baba unamjua. Ukimpa kinyago haangalii mnyama kwanza, hupitisha kidole gumba akitafuta ufa. Akiuliza habari zangu, mwambie nimemaliza kazi na niko njiani. Akiuliza kama mti umepasuka, mwambie haukupasuka.

Ni mimi mdogo wako,
Nzioka