Joséphine wa Durban na Joséphine wa Uvira

Mama Constance mpendwa, nikusalimu kwanza halafu unisaidie kama unavyowasaidia wengine wanaokuandikia, maana nimekaa kwenye kiti cha wateja wangu mwenyewe, salon iko tupu, na mwanaume mzima wa miaka hamsini na kitu ameshindwa na ukurasa mmoja wa kitabu.

Mimi ni kinyozi hapa Durban, mtu wa Uvira, nanyoa wanaume na mke wangu Huguette anasuka wanawake, na kama umewahi kusikia habari za Mkongomani mnene ambaye mdomo wake unafanya kazi kuliko mashine yake, basi ndiye huyu. Tuna binti mmoja, yuko chuo kikuu mwaka wa pili, anaitwa Joséphine, jina la mama yangu mzazi, na wewe unajua kwetu mambo yalivyo, mtoto akibeba jina la mama yako huyo si mtoto tena, ni mama, kwa hiyo tangu azaliwe mimi namwita Mama, nikimpigia simu chuoni nauliza Mama umekula, Mama umelala vizuri, na akinikosea siwezi hata kumgombeza, namwachia Huguette kazi hiyo, naye anaifanya kwa moyo wote.

Sasa mwaka huu chuoni wanasoma vitabu vya Walatino. Mimi nilidhani ni wacheza dansi, mpaka Mama akanieleza kwamba ni wale ambao wazazi wao walitoka Meksiko na visiwa vya upande ule wakaenda kuishi Marekani, watoto wakakulia ndani ya Kiingereza, kisha wakaandika vitabu juu ya nyumba ambamo baba anauliza kwa lugha moja na mtoto anajibu kwa nyingine. Jumamosi mchana anakuja na wenzake wawili kusoma hapa salon, kwa kuwa mtandao wetu ni mzuri na Huguette hawezi kumwona mwanafunzi asimpe chakula. Mmoja ni Zandile, msichana Mzulu wa hapa hapa Cato Manor, mwingine ni Gadiel, kijana wa Kirundi. Wanasema Kiingereza chao, nami nakuandikia kwa lugha yetu. Wao wanasoma kwa sauti, mimi nanyoa na kusikiliza, wateja nao wanasikiliza, hata mmoja alishamaliza kunyolewa akakataa kuondoka, alitaka kwanza kujua kama bibi wa kwenye kitabu atapata viza.

Siku moja Zandile, ambaye kwao bibi huitwa gogo, alisema, "Huyu bibi ni gogo wangu kabisa. Akishika simu anapiga kelele, eti mtu wa mbali hasikii."

Gadiel akasema, "Mimi nilipofika pale kijana anamjibu mama yake kwa Kiingereza, nilifunga kitabu. Asubuhi mama aliniuliza kitu kwa Kirundi, nikamjibu hivyo hivyo, hata sikuona. Sikujua kumbe hicho ni kitu cha kuandikia kitabu."

Na Mama akawauliza, "Hawa watu hawajafika Durban. Wametujua namna gani?"

Nikabaki na mashine mkononi, kichwa cha mteja nusu, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaondoka, nilikuwa Uvira, uwanjani kwetu Kavimvira, Jumapili baada ya misa, harufu ya samaki wadogo wa ndagala wanaokauka inatoka upande wa ziwa, mama yangu amekaa kwenye kigoda na mimi nimesimama nyuma yake na kitana cha mti, maana kati ya wana wake wote ni mimi tu niliyekubaliwa kumchana nywele, kaka zangu wanapita wanacheka, tazameni msichana wetu, na mama hata hageuki, ananiambia, "Endelea, papa, hao vichwa vyao havina kazi." Kazi inayonilisha hapa nilianzia pale, kwenye kichwa chake. Habari hiyo nimemsimulia Mama huyu wa Durban mara nyingi mpaka anaimalizia mwenyewe.

Basi, mwalimu wao amepanga siku ya kusoma kwenye maktaba ya Morningside. Kila mwanafunzi atafsiri ukurasa mmoja kwa lugha ya nyumbani, kisha ausome mbele ya watu pamoja na mzee wake. Mama akachagua ukurasa ambapo binti anaondoka kijijini kwenda Marekani, na bibi yake halii wala hambariki, anauliza tu, "Sasa nani atanichana nywele?" Yeye asome binti, mimi nisome bibi. Nilikubali haraka, mimi na kipaza sauti hatujawahi kugombana. Tukaanza mazoezi hapa salon, nikafika kwenye mstari ule, sauti ikakatika. Nikarudia, ikakatika pale pale. Nikasema ni kikohozi. Mara ya tatu nikamwambia amchukue Steve, yule wa duka la simu la jirani.

"Tonton Steve atasoma kama anatangaza mpira," akasema.

"Lakini iko na sauti nzuri."

"Papa, sikukuchagua juu ya sauti."

"Mama, nihurumie."

"Usiniite Mama. Kama unaogopa kusoma maneno ya mama, mimi niite Joséphine tu."

Amesema Jumatano atamwambia mwalimu kwamba anajitoa. Tangu siku ya mazoezi hayo namwita Joséphine, naye ananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama mtu wa benki. Huguette anatutazama wote wawili na kutikisa kichwa. Mama yangu wa Uvira bado yuko, amezeeka, mdogo wangu Achille anakaa naye na huwa ananiandikia kwamba hali ni nzuri, mimi karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kukanyaga kule, lakini hiyo ni habari nyingine. Wewe nieleze tu: niilazimishe sauti, nimbembeleze amkubali huyo Steve, au nimwache mtoto ajitoe?

Honoré, kinyozi, Durban

*

Kaka Honoré,

Barua yako imenichekesha, kisha nikaisoma mara ya pili. Sasa nikugombeze, maana naona nyumbani kwako kazi hiyo imeachiwa mtu mmoja.

Steve abaki na simu zake. Sauti yako haina ugonjwa wowote. Umeniandikia barua ndefu, nami nimejua Joséphine wa Durban anakula, analala, anasoma, ananuna. Joséphine wa Uvira nimezijua nywele zake za wakati wewe ni mtoto, basi. Halafu kule chini kabisa unakumbuka kwamba yu hai, na unaniambia hiyo ni habari nyingine. Kaka yangu, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Umemsikia lini kwa masikio yako? Sisemi Achille kuandika, nasema yeye kuongea. Acha nibahatishe. Kila ulipompigia alikuuliza, "Unakuja lini?" Ukajibu mwakani. Mwaka uliofuata, mwakani tena, mpaka neno likakuishia mdomoni, na badala ya kutafuta neno lingine ukaacha simu. Mimi ni Mrundi, nimeishi hapa kama wewe, swali hilo nalijua na jibu hilo nimeshalitumia. Lakini wewe ulikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: Mama mwingine yuko karibu, mchana kutwa unamuuliza kama amekula, na moyo wako jioni unajiona umetimiza.

Mila yenu ni nzuri, siigusi. Ila mtoto alipewa jina hilo ili bibi yake apate kuitwa mara mbili. Wewe unaita mara moja tu, na ni huku.

Na huyo binti, ndiyo, amekutupia neno zito, mwambie nimesema hivyo. Lakini mwanafunzi anayesoma habari za nyumba ya watu wa ng'ambo akamwona baba yake amesimama ndani, huyo amesoma. Hakuokota ukurasa ule njiani. Amebeba jina la mtu tangu kuzaliwa, na mtu mwenyewe anamjua kwa hadithi ya kitana peke yake. Wale waandishi wamemfundisha kuulizia chake, na wewe unamwelekeza kwa Steve. Hapo ungekuwa wewe, usingenuna?

Sasa sikiliza, fanya hivi kabla Jumatano haijafika. Mpigie Achille, mwambie ampe mama simu kisha yeye atoke nje. Joséphine akae karibu yako. Mama akiuliza unakuja lini, usithubutu kusema mwakani. Mwambie karatasi hairuhusu, na kwamba hujui. Atalia. Usimkatize, usimchekeshe, najua unapenda kuchekesha. Akitulia, binti amsomee ukurasa wote kwa Kiswahili alichoutafsiria, kisha amuulize mwenyewe: bibi, siku papa alipoondoka ulimwambia nini? Wewe ukae kimya wakati wanaongea. Huenda wataongea sana, na huenda wakakucheka. Mazungumzo hayo wanadaiana tangu zamani, wewe ni mwenye simu tu.

Jina la Mama usilirudishe kwa ujanja wala kwa zawadi. Muulize binti kama unaweza kumwita hivyo tena, ungoje jibu, hata likichukua wiki.

Halafu nenda Morningside ukasome. Sauti ikikatika mbele ya watu, ikatike. Usiseme ni kikohozi. Lia kadiri unavyotaka, watu watasubiri, na binti yako atakushikia karatasi. Ukimaliza, endelea na mstari unaofuata.

Mama Constance