Mafuta ya Mawese Begani

Kalemie, 9 Machi 1979

Dada Bertille,

Unakumbuka ukitufundisha sisi wauguzi kutunza wagonjwa wa akili? Ulijifanya mugonjwa mwenye hasira, ukatukimbiza uani na fagio, tukacheka mpaka machozi. "Musimuzunguke," ulisema. "Mumuachie njia, museme polepole."

Juzi mugonjwa wetu, Mama Émérence, aliinua kiti. Walinzi walileta kamba, nikawarudisha nyuma.

"Mama, niko hapa. Nani amekuumiza?"

Kiti kilinipata begani. Kisha alikaa chini, akalia: "Leo njo siku mume wangu alizama ziwani."

Hatukumufunga. Bega linapona, usimuambie mama yetu.

Jana Mama Émérence aliomba mafuta ya mawese jikoni, akanipaka kwa kidole kimoja, akiogopa kuniumiza.

Nakukumbuka sana.

Mudogo wako,
Séraphine