Nusu Saa ya Kukaa Wima

Jumapili, 3 Machi
Siku ya kidonge cha mifupa. Sijameza. Wiki ya saba hii. Vile vya mapafu nameza kila asubuhi bila kukumbushwa — nikiruka siku moja tu pumzi zinakatika, na mimi kinyozi, wembe uko shingoni mwa mtu! Mifupa haisemi kitu. Daktari alishanieleza: steroidi za mapafu ndizo zinazoila, hiki cha Jumapili kinailinda. Tumbo tupu, glasi nzima ya maji, halafu nusu saa wima. Hakuna kulala. Hakuna chai.

Mke wangu alipokuwepo nusu saa ilikuwa haitoshi. Yeye kitandani, mimi kitini, tunawateta majirani mpaka njaa inauma. Sasa yuko kwa binti yetu, mimba inamsumbua. Nusu saa ile naisikia yote, dakika kwa dakika. Siiwezi.

Amepiga. Umemeza? Nimemeza.

Jumapili, 10 Machi
Nimemeza, nikamwambia tena. Uongo umeshajua njia.
Binti kaambiwa asiinuke kitandani mpaka ajifungue. Mama yake ndiye mikono yake, ndiye miguu yake.

Jumatano, 13 Machi
Nimekohoa. Kukohoa tu! Nimeinama kuokota taulo, kikohozi kikanijia, mgongo ukalia ko! Mteja ndiye kanikimbiza hospitali, ndevu upande mmoja, povu upande wa pili. Watu wote wanamtazama yeye.

Alhamisi, 14 Machi
Picha imetoka. Pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea.
Muuguzi akauliza, cha Jumapili umemeza lini mara ya mwisho? Nikasema Jumapili. Akafungua mfuko wangu wa dawa, ulioletwa na jirani. Pakiti mbili, hazijaguswa.
“Baba, kwani nani anakumezea?”
Nikacheka, mgongo ukanichoma. Kisha nikalia — mbele ya mtoto wa rika la binti yangu! Hakunigombeza. Akauliza nyumbani naishi na nani. Nina mke, nikasema. Si uongo.
Akasema nimwambie huyo mke.

Jumapili, 17 Machi
Nimemeza. Glasi nzima. Daktari kaniruhusu kukaa, nimefungwa mkanda wa mgongo kama mzigo wa safari. Dakika ya nane. Jasho.

Nikimwambia atapanda basi leo leo, namjua. Binti abaki na nani? Nisipomwambia — nitakuwa mjane na mke ninaye.

Dakika ya kumi na moja. Simu. Yeye.
Hajauliza kidonge. Ameuliza, mbona sauti yako iko hivyo? Nikasema ngoja kidogo. Nimeiweka simu mezani, naandika huku namsikia anavuta pumzi. Nyuma yake binti anauliza, baba anasemaje?

“Baba nanii,” mke wangu anaita. “Upo?”